Pale Nondo Inapogota

Katikati ya Februari, shamba la ngano la magharibi mwa Kansas, Marekani, halina cha kumvutia mpita njia. Majani yamelala, ncha zimekauka, rangi imekuwa ya kahawia, na udongo umekaza kama sakafu ya saruji. Mtu aliyetoka Narok au Hanang', aliyezoea kuiona ngano ikisimama kijani na kupunga upepo, angesema mazao yamekwisha kufa. Lakini mwenye shamba yupo palepale, amepiga magoti kwenye baridi, na sepetu mkononi. Anang'oa miche mitano sita kutoka pembe mbalimbali za shamba, kila mmoja na bonge lake la udongo, anaitia ndooni na kurudi nayo nyumbani.

Jikoni anaiosha kwa maji ya vuguvugu. Anakata majani, anapunguza mizizi, mpaka kinabaki kipande kifupi kisichozidi kifundo cha kidole. Hicho ndicho kitovu cha mmea, pale shina na mizizi vinapokutana, na ndicho kilichobeba uhai wote wa ngano wakati wa baridi. Anavifunga vipande hivyo katika karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, anavitia kwenye mfuko wa plastiki na kuviacha ndani ya nyumba penye joto. Siku chache baadaye anafungua. Kitovu kilicho hai kimetoa mizizi mipya, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea. Kilichokufa kimelegea, kimekuwa kahawia, na kikibonyezwa kinatoa maji.

Jaribio hilo halina gharama, na linajibu swali ambalo wafanyabiashara wa nafaka wa Chicago na wasagaji unga wa nchi za mbali wanaliuliza kila mwaka katika miezi hiyo: je, ngano imepona? Jibu halimo kwenye majani. Limo sentimita mbili tatu chini ya uso wa ardhi, na mara nyingi limeamuliwa na mvua iliyonyesha, au iliyokosekana, miezi sita kabla.

Ngano hii ni tofauti na ile ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ya Kansas hupandwa Septemba na Oktoba, huota, hutoa machipukizi machache, kisha hulala. Huamka Machi, huchanua Mei, na kuvunwa Juni. Inakaa shambani karibu miezi tisa, kama mimba. Na baridi haiivumilii tu, inaihitaji. Bila wiki kadhaa za baridi ya karibu nyuzi sifuri hadi nane, mmea hauna habari kwamba wakati wa kuzaa umefika. Mbegu hiyohiyo ikipandwa mwezi Aprili itatoa majani mengi, itajaa shamba kama nyasi, na suke halitaonekana. Ajabu zaidi, hata mbegu ambayo haijachomoza inaweza kuipokea baridi hiyo, ilimradi imefyonza maji ya kutosha kuanza kuamka ndani ya udongo.

Aina iliyoifanya Kansas kuwa nchi ya ngano ilitoka mbali. Mwaka 1874 wakulima Wamenoni, wenye asili ya Kijerumani, walihama kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ambako leo ni Ukraini, wakaja na mbegu waliyoiita ya Kituruki. Ilikuwa nyekundu, ngumu, na imezoea majira ya baridi yenye upepo mkali na mvua chache. Kabla yake walowezi wa Kansas walikuwa wakipanda ngano laini za mashariki na mahindi, na kiangazi kikiwaumiza mara kwa mara. Haikuchukua miaka mingi ya karne ya 20 kabla ya mbegu ile ya wahamiaji kutawala jimbo zima. Nyingi za mbegu zinazopandwa huko leo zina damu yake.

Kwa hiyo baridi si adui kwa asili yake. Mmea uliopoa taratibu tangu Oktoba hukusanya sukari katika kitovu chake, hupunguza maji ndani ya chembe zake, na hufikia Januari ukiwa umejizatiti. Kinachoua ni baridi ya ghafla, baridi inayoukuta mmea mchanga wenye mizizi mifupi, na zaidi ya yote, baridi inayopenya hadi kwenye kitovu. Hapo ndipo udongo unapoingia katika hesabu.

Anayetembea ufukweni mwa Bahari ya Hindi anaijua fizikia hii kwa nyayo zake. Saa nane mchana mchanga mkavu unaunguza, lakini ule uliolowa karibu na maji ni wa kukanyagika. Usiku wa manane mchanga mkavu umekwisha kupoa kitambo. Maji huchukua muda kupata joto na muda kulipoteza. Udongo wenye unyevu hufanya hivyohivyo: hubeba joto la vuli na kuliachia polepole, huku ukilipitisha joto la chini liinuke kuelekea juu. Udongo mkavu uliojaa hewa hupoteza lake usiku mmoja. Mashamba mawili yaliyopakana, yenye mbegu moja na hewa moja, yanaweza kuamka na hatima mbili, kwa sababu moja lilipata mvua ya Oktoba na jingine halikupata.

Juu ya hapo kuna theluji. Kwa msomaji wa pwani theluji ni baridi yenyewe, na ni vigumu kuamini kwamba mkulima wa Kansas huiomba kama mtu anayeomba blanketi. Lakini ndivyo ilivyo. Theluji laini imejaa hewa iliyonaswa, kama pamba ndani ya godoro, na sentimita kumi tu zinatosha kuutenga udongo na hewa iliyo juu yake.

Februari 2021 ilitoa ushahidi. Wimbi la baridi kutoka ncha ya kaskazini liliishukia katikati ya Marekani, likazima umeme Texas, na Kansas ikapata usiku wa nyuzi 25 na zaidi chini ya sifuri. Waliotazama vipimajoto vya hewa tu walikuwa na kila sababu ya kuhofia ngano. Lakini katika sehemu nyingi za jimbo theluji ilikuwa imetangulia kuanguka, na vipimajoto vilivyofukiwa kwenye kina cha mizizi vilisoma habari nyingine kabisa: joto la udongo lilikuwa juu mno kuliko la hewa. Juni ile Kansas ilivuna busheli milioni 364, yaani karibu tani milioni 9.9, kwa wastani wa busheli 52 kila ekari. Yalikuwa mavuno mazuri.

Desemba 2022 baridi ilirudi. Tarehe 22 hewa iliporomoka kwa saa chache tu, na upepo mkali nyuma yake. Safari hii theluji ilikuwa haba, udongo mkavu, na ngano yenyewe ilikuwa ya kuonea huruma: mashamba mengi ya magharibi yalikuwa na miche midogo isiyo na machipukizi, na mengine mbegu zilikuwa bado zimekaa kwenye vumbi, hazijaota. Baridi ya usiku ule haikuwa mbaya kuliko ya 2021. Ilichokikuta ardhini ndicho kilichokuwa tofauti.

Tofauti hiyo ilikuwa imeanza kujengeka muda mrefu kabla ya mbegu kutiwa ardhini, na kuna chombo rahisi cha kuipima: nondo. Ni fimbo ya chuma yenye urefu wa mita moja na zaidi, juu ina mpini wa kushikwa kwa mikono miwili, chini ina kitunguu kidogo cha chuma kilicho kinene kuliko fimbo yenyewe. Mkulima anasimama, anaegemeza uzito wake, anaisukuma. Katika udongo wenye unyevu nondo inazama bila ubishi. Ikifika pakavu inagota. Hakuna namna ya kuilazimisha. Anashika kwa kidole pale ilipoishia, anaichomoa, na kupima. Sentimita 90, ana mahali pa kuanzia. Sentimita 30, anapanda huku akijua kwamba kila kitu kinategemea mvua ambayo bado iko mbinguni.

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Hays, katikati ya magharibi ya Kansas, waliiweka hesabu hiyo katika maandishi mwaka 1936. Walilinganisha kina cha udongo wenye unyevu siku ya kupanda na mavuno ya kiangazi kilichofuata, mwaka baada ya mwaka, na uhusiano ukajitokeza wazi: pale unyevu ulipokuwa umefika chini, mavuno ya maana yalitarajiwa, na pale udongo ulipokuwa mkavu, mara nyingi shamba liliachwa bila kuvunwa. Ilikuwa miaka ya kutisha ya kufanya utafiti huo. Mwaka mmoja kabla, tarehe 14 Aprili 1935, ukuta mweusi wa vumbi ulikuwa umezifunika nyanda hizo mchana kweupe, na watu wakaiita Jumapili Nyeusi. Udongo uliolimwa na kuachwa uchi ulikuwa umegeuka mawingu.

Udongo wa nyanda hizo ni mzuri, wa tifutifu laini, na kila sentimita 30 za kina chake zinaweza kuwapa mimea maji ya milimita 50 hivi. Mizizi ya ngano inaweza kushuka mita 1.8. Ukijumlisha, shamba lililojaa lina akiba ya takriban milimita 300, na hiyo ni zaidi ya nusu ya mvua ya mwaka mzima katika wilaya za magharibi, ambazo hupata milimita 400 hadi 500 tu. Lakini akiba hiyo haijazwi na majira ya baridi. Desemba, Januari na Februari ndiyo miezi yenye mvua na theluji kidogo kabisa huko, na sentimita kumi za theluji zikiyeyuka hutoa kama milimita kumi tu za maji, pengine pungufu. Tena ardhi ikiwa imeganda, maji hayo hutiririka yakaishia mtaroni. Baridi kazi yake ni kuitunza akiba, si kuiweka. Jua ni hafifu, mmea umelala, hakuna anayekunywa. Kilichowekwa kiangazi na vuli ndicho kitakachokutwa Machi.

Ndiyo maana wakulima wa magharibi kwa miongo mingi wameyalaza mashamba. Baada ya kuvuna Juni, shamba halipandwi ngano vuli inayofuata. Linakaa miezi 14 likikusanya maji kwa ajili ya zao moja. Ni subira kubwa, na kwa muda mrefu malipo yake yalikuwa madogo. Vipimo vya kituo cha utafiti cha Akron, jirani katika jimbo la Colorado, vilionyesha kwamba zamani, shamba lilipokuwa likilimwa kwa plau na kupigwa haro mara kwa mara kuua magugu, ilibaki ardhini chini ya robo ya mvua iliyonyesha. Nyingine iliruka na jua. Walipopunguza kulima na kuyaacha mabua yamesimama, kiasi kilichohifadhiwa kilipanda hadi karibu theluthi, na kwa wasiolima kabisa zaidi kidogo. Mabua yaliyosimama hufanya kazi tatu kwa mpigo: hukinga jua, huvunja upepo, na hunasa theluji ambayo ingepeperushwa ikaishia kwenye uzio wa jirani. Katika nchi ambayo milimita 25 za maji ya ziada zinaweza kuongeza busheli tano hivi kwa ekari, kuyaacha mabua yasiyopendeza macho ni uamuzi wa fedha. Mkulima yeyote wa Dodoma au Machakos anayetandaza mabua ya mtama badala ya kuyachoma anaielewa hesabu hii bila kufundishwa.

Upepo unastahili kusimuliwa peke yake. Tarehe 15 Desemba 2021, siku yenye joto lisilo la msimu, dhoruba ya upepo ilivuka Kansas kwa kasi iliyofikia kilomita 160 kwa saa mahali pengine. Moto wa nyika ulizuka na kukimbia katika wilaya nne karibu na Hays. Vumbi lilifunga barabara. Mashambani, chembe za mchanga zilizokuwa zikirushwa ziliichapa miche michanga kama msasa, zikaikata majani, na kwingine zikauondoa udongo uliokuwa ukifunika vitovu. Mmea uliovuliwa hivyo hauna blanketi tena, hata theluji ije baadaye. Shamba likianza kupeperuka, dawa ya haraka ni kupita na jembe la meno marefu kwa mistari yenye nafasi, kuibua mabonge yatakayovunja upepo. Mkulima anaharibu sehemu ya ngano yake kwa mkono wake ili aokoe iliyobaki. Sheria ya Kansas inamtaka mwenye ardhi azuie udongo wake usipeperuke.

Hata miche ikipona Januari, bado kuna hatari ambayo wakulima huiogopa kuliko baridi kali: joto linalokuja mapema. Ngano iliyolala huvumilia mengi. Ikiamka, inapoteza ngao yake hatua kwa hatua. Wakati wa kutoa machipukizi inaweza kustahimili kama nyuzi 11 chini ya sifuri kwa saa mbili. Shina likianza kurefuka na suke changa likapanda juu ya ardhi, nyuzi 4 chini ya sifuri zinatosha kuliumiza. Suke likikaribia kutoka, ni nyuzi 2. Ikichanua, ni nyuzi 1 tu. Machi 2007 ilikuwa na joto la kushangaza, ngano ikakimbia, mashamba yakapendeza kwa kijani kuliko ilivyotakiwa. Wiki ya Pasaka, mwanzoni mwa Aprili, baridi ikarudi na kukaa siku kadhaa. Hasara ya mazao ya kila aina katika majimbo yaliyopigwa ilizidi dola bilioni 2. Ngano iliyopigwa na baridi siku zile bado ilionekana kijani. Ilibidi kupasua shina kwa wembe, kutafuta suke ndani, na kuangalia kama ni jeupe na gumu au limegeuka rangi na kulegea.

Habari hii ya Kansas ina ndugu yake Afrika Mashariki. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023 maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yalipoa isivyo kawaida kwa misimu mitatu ya baridi mfululizo, hali inayoitwa La Niña. Hali hiyo husukuma njia ya dhoruba za Marekani kuelekea kaskazini, na nyanda za kusini hukosa sehemu yao. Huku kwetu hudhoofisha mvua za vuli. Ni miaka ileile ambayo kaskazini na mashariki ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia zilishindwa kupata mvua misimu mitano mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mifugo ikafa kwa mamilioni. Mfugaji wa Garissa aliyekuwa akitazama mizoga ya ng'ombe wake na mkulima wa Kansas aliyekuwa akisukuma nondo ikagota hawakujuana, lakini bahari iliyowanyima ilikuwa moja. Na kwa kuwa Kenya na Tanzania hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake, hasa kutoka Bahari Nyeusi, ukame wa Marekani ulipokutana na vita vya Ukraini mwaka 2022, bei ya unga ilipanda na mama muuza chapati akapunguza ukubwa wa donge.

Mwezi Mei 2023 msafara wa magari ulitoka mji wa Manhattan, Kansas, kama ufanyavyo kila mwaka. Wamo wasagaji, wanunuzi, wanahabari na wataalamu wa mbegu. Wanasimama kando ya barabara, wanaingia shambani na rula, wanahesabu mashina na masuke, wanapiga hesabu na kuendelea. Mwaka ule mashamba kadhaa ya magharibi hayakuwa na cha kuhesabu. Mimea ilifika kwenye kifundo cha mguu, ardhi ilionekana kati ya mistari. Mwisho wa safari walikadiria busheli 30 kwa ekari. Wakaguzi wa bima walikuwa wamekwisha kupita mbele yao, wakiandika mashamba yasiyofaa kuvunwa. Kwa hesabu iliyotolewa na serikali mwezi huo, sehemu ya ngano ya baridi ya Marekani iliyotarajiwa kuachwa bila kuvunwa ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote tangu 1917. Kansas yenyewe ilipanda ekari milioni 8 hivi, na zaidi ya milioni 2 hazikuguswa na kombaini. Yaliyovunwa yalifika busheli milioni 201, mavuno madogo kuliko yote tangu miaka ya 1960.

Kisha mvua ikaja. Ilianza kunyesha kwa nguvu mwishoni mwa Mei na ikaendelea Juni, juu ya ngano iliyokwisha kuamua itakuwa na masuke mangapi. Mashamba membamba yalijaa magugu yaliyokuwa yakingoja maji, kombaini zikasubiri matope yakauke, uvunaji ukasogea hadi Julai. Kwa zao la mwaka ule ilikuwa mvua ya kukera. Lakini maji yaliingia ardhini, na vuli ile, katika mashamba yaliyolazwa, nondo ilishuka kupita pale ilipokuwa imegota mwaka uliotangulia. Juni 2024 Kansas ilivuna zaidi ya busheli milioni 300.